Kwa Mama Vifungo, Ambaye Dawa Yake Ilifungiwa Kabatini

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu utolewe nyumbani kwa machela na usirudi. Watu wanatuambia tumeze machungu. Tumejaribu. Hayamezeki.

Wengi walikujua kama Mama Vifungo, fundi aliyeshona sare za wauguzi wa hospitali ileile ulikofia, kwa miaka ishirini na miwili. Kifungo ulichokishona wewe hakikung'oka mpaka nguo yenyewe ichakae. Ulikuwa mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kukemea. Mjukuu akiburuta viatu, ulimwita "mzee" mpaka ainue miguu.

Mkono wako ulipoanza kutetemeka, majirani walinong'ona mengi. Daktari wa mishipa ya fahamu alisema moja: ubongo wako ulikuwa unaishiwa dopamini, kemikali inayousaidia kuuongoza mwili. Akakupa vidonge ambavyo ubongo huvigeuza kuwa dopamini.

"Havitakuponya," alisema, "lakini ukivimeza kwa saa zake utatembea, utakula, utashona."

"Kushona umekuweka mwisho," ukamjibu. "Ungeanzia hapo."

Miaka saba ulimeza kila baada ya saa tatu, na miaka saba ulishona.

Kisha ukateleza jikoni, ukavunjika nyonga. Upasuaji ulikwenda vizuri. Kilichofuata hatujakisamehe.

Muuguzi alichukua vidonge vyako akavifungia kabatini.

"Hivyo havingoji, dada," mwanao wa kwanza alimwambia. "Ni kila baada ya saa tatu."

"Hapa dawa hutolewa asubuhi, mchana na jioni. Kila mgonjwa akija na saa yake tutafika wapi?"

Ulipotapika, wakakuchoma sindano ya kuzuia kutapika, aina ileile ambayo kadi yako ya matibabu iliikataza kwa wino mwekundu, kwa sababu huizuia dopamini kufanya kazi. Kadi ilikuwa hapo hapo kitandani. Hakuna aliyejisumbua kuisoma.

Kesho yake ulikuwa umekakamaa kama ubao. Uji ukakupalia, ukaingia mapafuni. Mwanao akamkimbilia daktari wa zamu.

"Ni uzee tu," alisema bila kuinua macho. "Mama amechoka."

Hukuwa umechoka! Ulikuwa ukinong'ona, "Dawa yangu," huku uso wako hauwezi hata kukunjamana kwa maumivu. Na mwanao alikuwa na vidonge viwili mkobani. Alikatazwa kukupa, akatii. Nusu ya hasira yake amejigeuzia mwenyewe kwa kutii huko, na sisi hatujui namna ya kumtoa humo.

Siku ya sita kichomi kikakumaliza.

Tulilalamika. Barua ikaja: "Utaratibu ulifuatwa." Mumeo, ambaye maisha yake yote hakuwahi kutukana mbele ya watoto, aliisoma mara mbili, akatukana. Mara nne tumekwenda kukaa kwenye benchi la ofisi yao, tukitaka neno moja tu, samahani. Mara nne tumeambiwa mhusika yuko kikaoni.

Wanaotuambia tuyaache, wayaache wao. Aliyekufa si mama yao.

Unakumbukwa na mumeo, wanao watatu, wakwe zako, wajukuu zako wote, dada yako mliyechangia naye chumba utotoni, na mafundi cherehani wenzako.

Sisi hatutakusahau kamwe, Mama. Na wa hospitali ile hatutawaacha wakusahau.