Nafasi ya Zuhura

Jumatano, Mlandege

Kumbe hata kwenye kompyuta unaweza kushika nafasi, kama mtu anavyotupia mtandio kwenye siti ya basi. Leo binti yangu Zuhura kanipigia kutoka Mbeya kunifundisha. Ataniletea video za mjukuu wangu, ila ananijua, nitaijaza diski filamu za ngumi kabla hajafika.

Nikaandika amri kwa kidole kimoja kwenye kile kidirisha cheusi: fallocate -l 50G mjukuu. Mara likatokea faili liitwalo mjukuu, na nafasi ya diski ikapungua GB 50. Nikalifungua hilo faili, halina hata picha ya kuku.

“Zuhura, umeniuzia gunia tupu!”

“Liache hivyo hivyo, baba. Hamna kitu ndani, ila nafasi imeshashikwa.”

“Aa, kama kitanda chako hapa nyumbani.”

Nilitaka acheke. Badala yake akasema, “Nitakuja Idi, baba.” Idi iliyopita alisema hivyo hivyo, na ile ya kabla yake...

Na mimi mwongo. Kitanda chake nilishakijaza vitunguu vya Ruaha Mbuyuni. Baada ya simu nimevihamishia vyote jikoni, nikatandika shuka. Chumba bado kinanuka. Mpaka Idi harufu itakuwa imekwisha.

Akija.