Kiatu cha Mguu wa Kushoto

Isevya,
Tabora.
18 Agosti 2024

Mpendwa mdogo wangu Rahaf,

Assalaam aleikum. Marahaba naitanguliza, maana najua shikamoo yako iko njiani. Hali yako na joto la Maskati? Wanao hawajambo? Na mgongo wa shemeji umepata nafuu? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Vumbi la kiangazi limetanda, mji wote unaonekana kama uko nyuma ya pazia.

Wifi yako Mwanajuma alikwambia kwenye simu kwamba nilipatwa na kiharusi. Hakukwambia yote. Nilianguka nikiwa nakata ngozi ya makubadhi, na nilipozinduka, upande wangu wa kushoto ulikuwa umekwenda zake. Miezi ile naikumbuka kama ndoto. Nilikuwa nikilala mchana, nasikia honi ya treni ya Kigoma, najiona natembea kando ya reli kuelekea Tura, mwepesi kama unyoya, nyayo hazigusi kokoto. Nikifumbua macho, mguu uko pale kitandani kama wa mgeni.

Mkono ulirudi kidogo. Mguu nao ulikubali kusimama, ila vidole vilining'inia na kuburuta. Nilijikwaa kwenye mkeka, kwenye kizingiti, hata mahali pasipo na kitu. Nikaacha kutoka. Mimi niliyewavisha viatu watu wa mji huu miaka thelathini, nikawa mtu wa kukaa ndani.

Hospitali kuna binti wa mazoezi ya viungo, anaitwa Recheli. Alinipimia kifaa cha plastiki ngumu: kinalala chini ya wayo, kinapanda nyuma ya kifundo hadi karibu na goti, kinafungwa kwa mikanda. Akaniambia, "Mzee Salmini, hiki hakiponyi mguu. Kinauzuia tu usining'inie." Nikapiga hatua kumi ukumbini. Rahaf, vidole viliinuka! Nilihisi kama kuna mtu ameukamata mguu wangu kwa chini, anaupeleka taratibu.

Nyumbani kifaa hakikuingia kwenye kiatu chochote. Siku mbili nilikaa nacho mapajani. Mwanajuma akasema, "Wewe si fundi? Shona chako." Nikamjibu kwa hasira kwamba fundi ana mikono miwili. Akaketi mbele yangu, akaibana ngozi, "Haya. Wa pili huu hapa."

Tulishona siku tano, mimi sindano, yeye gundi ambayo siku zote aliichukia harufu yake. Cha kushoto kikatoka kipana kuliko cha kulia, kinafunguka hadi vidoleni. Asubuhi ya sita nikaenda kwa miguu hadi kibandani kwangu sokoni. Mwanga ulikuwa wa rangi ya asali, watu wananiamkia, na mimi sina hakika kama niko macho.

Lililonifanya nishike kalamu ni la juzi. Mzee Masanja, mfuga nyuki wa Ipole, alisikia habari zangu, akaja na mkewe kwa basi. Naye alipatwa na kiharusi. Kifaa chake kilikuwa begini, hajakivaa tangu mwaka jana, viatu vyote vimekikataa. Wakalala kwetu siku nne tukimshonea.

Juzi alivaa. Akasimama, akavuka ua, akatoka barabarani, wala hakugeuka. Mkewe akamwita kwa hofu, "Baba Lugembe, unakwenda wapi?"

Akajibu huku anatembea, "Sijui. Acha kwanza niende."

Tulisimama mlangoni sote watatu tukimtazama, hakuna aliyethubutu kumfuata.

Nisalimie shemeji na wanao, Hamoudi na Ummy. Wifi yako anakukumbatia. Mwenyezi Mungu akufunike kwa rehema zake huko uliko, na aturuzuku kuonana tukiwa na afya.

Wako akupendaye,
kaka yako Salmini