Nilimwambia Siraje Arudie Ubeti Akiwa Barabarani

Bi Masuda, shikamoo, nakuomba unisikilize hadi mwisho maana nisipomwambia mtu nitapasuka. Mimi ni Mkenya wa Molo, mlinzi wa jengo hapa Silicon Oasis, huku Uarabuni, na kwetu muziki wa kantri tumelelewa nao redioni, basi nilipojuana na Siraje, Mganda aliyekuwa dereva wa trela bandarini Jebel Ali, tukaanza kutunga wimbo wa safari, kantri yenye gitaa la umeme na ngoma za roki, mimi gitaa, yeye maneno, kwa sababu barabara ya Mombasa hadi Kampala aliijua kona kwa kona, na tulikuwa tumebakisha ubeti wa tatu tu.

Asubuhi ya Jumanne akaniimbia ubeti huo kwa ujumbe wa sauti, yuko njiani kwenda Fujaira, injini naisikia, na badala ya kumwambia asimame kwanza nikamjibu, "Mstari wa mwisho umekuwa mrefu, rudia sasa hivi kabla tuni haijanitoka," akacheka, "Wewe bwana huchoki!" akarudia, ukakaa vizuri kabisa, nami kwa tamaa nikamwandikia, "Mara moja tena," na hakujibu. Dakika zile zile trela iligonga nguzo ya daraja.

Mkewe Jalia, aliye Masaka, aliambiwa mumewe alisinzia, lakini yeye ananipigia akilia kwamba alfajiri hiyo waligombana kwa sababu amekosa tena likizo ya Idi, "Nilimwambia basi asirudi kabisa, ni maneno yangu yaliyomuua," nami nasema pole shemeji, nakata simu. Miezi miwili gitaa sijaligusa, chakula hakipiti, na wenzangu wa bendi ninayopigia gitaa wanataka wimbo utoke na sauti yake ile ile. Nifanye nini, Bi Masuda? Mimi ndiye muuaji.

Mlinzi, Silicon Oasis

*

Marahaba mwanangu, na pole. Sitakwambia huna kosa. Ulijua yuko kwenye usukani, ukamtaka aimbe. Lakini usijiite muuaji. Siraje alikuwa mtu mzima, simu aliishika mwenyewe.

Baya zaidi ni hili la kunyamaza. Unamsikia mjane akijitwika kifo cha mumewe, nawe unajua kuwa mara ya mwisho alikuwa anacheka na kuimba, halafu unamwambia pole na kukata simu! Huoni haya?

Mpigie mchana, akiwa na ndugu yake karibu. Anza na kosa lako, lote, usilipambe. Kisha mweleze Siraje alivyocheka. Akiitaka sauti, mpe. Akikutukana, nyamaza mpaka amalize. Asipokusamehe, ni haki yake. Humpigii ili wewe upate usingizi. Wimbo, khalas, hautoki mpaka Jalia mwenyewe aseme, na bendi waambie hivyo leo. Nawe ule, usijifungie chumbani, na mawazo ya kujidhuru yakikujia, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Sijui kama mtapatana. Najua kuna mwanamke Masaka anayejilaumu bure, na mtu pekee wa kumfungua ni wewe. Mpigie.