Papa Niliyemwonyesha Mwenye Nyumba

Mpendwa Papa,

Nakusihi jambo moja kabla hujaendelea. Barua hii isome peke yako. Usimsomee mtu, hata yule mnayekula naye sahani moja. Ukimaliza, itie motoni na ungoje mpaka iwe majivu. Mama wa biashara anayekuletea hajui kilichomo. Nimeikunja ndani ya boksi la dawa ya kikohozi, naye anaamini kwamba unaumwa kifua. Majina sitayaandika. Utatujua kwa mambo yetu.

Mama huyo ndiye aliyetuambia amekuona Bukavu, karibu na bandari, ukiwa umevaa sandali za plastiki za kike. Mama yetu aliposikia hivyo aliacha kusonga bugali, akakaa chini. Hakuuliza kama umekonda. Aliuliza tu, "Kamba ya kushoto bado iko?"

Siku ile mji ulipobadili mikono na jeshi lenu likakimbia, uliingia nyumbani kwetu katika kambi ya askari ya Katindo, ukakaa kizingitini, palepale ulipozoea kung'arisha buti zako kila Jumapili kabla ya misa. Ulizifungua kamba polepole kama mtu anayejiandaa kulala. Ukavaa sandali za Mama, visigino vikining'inia nje, ukatuambia, "Nitapiga simu," ukashuka kuelekea ziwani bila kugeuka. Buti zilibaki pale mlangoni. Mimi ndiye niliyezitoa, kwa sababu Mama hakuweza kuzigusa.

Nimekumbuka mengi tangu siku hiyo, lakini linalorudi zaidi ni safari yetu ya Kalengera, nilipokuwa nimeng'oka meno ya mbele. Ulikuwa unanipeleka kwa ndugu zako wanione. Tulikaa juu ya magunia matupu nyuma ya lori, vumbi jeusi likatujaa mpaka ndani ya masikio. Kwenye kizuizi, askari mmoja asiyekujua alinichungulia akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nilificha uso ndani ya koti lako. Ukanishika kidevu, ukanigeuza taratibu.

"Mutu akikuuliza uko mutoto wa nani, usiangalie chini."

Nikamtajia jina lako na cheo chako cha ajida, kwa pengo langu la meno, na yule askari akanipigia saluti. Tulicheka mpaka Kalengera. Nilikua nikiamini kwamba nina jibu ambalo watoto wengine hawana.

Na unamkumbuka mzee aliyekuja kwenye geti la kambi na beseni la visamaki vya sambaza kichwani? Ulimpa jina la Papa Sambaza, na mpaka leo watu wanamwita hivyo. Ulikuwa unafunga pua kabla hajafika, unasema kwamba yeye hunuka kwanza halafu ndipo anatokea. Siku moja, wanawake wa kambi wakiwa wamemzunguka, alitua beseni akakujibu bila hasira.

"Ajida, harufu yangu njo mushahara yangu. Wako uko wapi tunuse?"

Solde, mshahara wenu wa jeshi, ilikuwa imechelewa tena, kwa hiyo wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Wewe ulicheka kuwashinda wote, ukanunua kisahani kizima cha sambaza. Nilipenda hilo kwako, Papa. Ulijua kucheka unaposhindwa.

Sasa nikueleze nilichofanya.

Baada ya wewe kuondoka, tuliambiwa familia zitoke kambini. Tulipakia godoro, masufuria na mbabula ya makaa kwenye chukudu ya mbao ya kusukuma, tukaenda kwa dada yake Mama, tukalala wote katika chumba kimoja cha mbao, wa mwisho kuingia akilala mlangoni. Mume wa dada huyo ni mtu mwema, lakini alianza kukohoa kila Mama aliposhika sahani. Ile koperative ya akiba nilikokuwa karani ilikuwa imefunga. Mkubwa wetu alikwenda asikojulikana, na muhuri ukaenda naye. Nikahangaika mpaka depo moja ya dawa ikanikubali, nikiwa kwenye majaribio. Nilipowaomba karatasi ya kuonyesha kwamba nina kazi na nitalipwa, waliniambia kwa upole kwamba karatasi hutolewa majaribio yakiisha. Basi nilikuwa na kazi moja iliyokufa na nyingine ambayo haijazaliwa, na katikati yake natafuta nyumba.

Niliipata Kyeshero: vyumba viwili vya mbao juu ya mawe meusi, na bomba la maji ndani ya ua. Mwenye nyumba ni mjane, mwanamke wa sala na wa macho makali. Garanti, ile kodi ya kutanguliza, nilikuwa nayo, Mama alikuwa ameuza vitenge vyake. Lakini mjane alitaka kujua mwezi wa pili na wa tatu nitalipa na nini. Nilimwonyesha karatasi yangu ya zamani ya mshahara na barua ya depo iliyoandikwa kwa mkono. Alizitazama mbele na nyuma akitafuta muhuri.

"Mutoto wangu, karatasi bila kashe ni ya kufungia mandazi. Papa yako anatumika nini?"

Kabla sijajibu, aliniambia mwenyewe kwa nini anauliza. Hataki mtu wa kambi. Si kwamba anawachukia. Lakini nyumba ya jirani yake ilivunjwa mlango na watu waliokuwa wanamtafuta mume wa mpangaji, askari, na yeye ana wajukuu. Sikumwona mbaya. Ningekuwa yeye, ningesema hivyo hivyo.

Nilimtazama machoni, Papa. Sikuangalia chini. Nikasema, "Papa yangu anauza samaki Kituku."

Sijui lilitoka wapi. Labda ni kwa sababu nilikuwa nimepita soko la Kituku, kule ufukweni, asubuhi ile, nikaona mabeseni. Mjane akatabasamu kwa mara ya kwanza, akasema vizuri sana, kesho twende nimuone kwa macho.

Nilifika ufukweni kabla yake. Papa Sambaza alikuwa anasugua mabeseni kwa mchanga. Nilipomweleza, aliendelea kusugua beseni ambalo lilikuwa limeshatakata.

"Ajida alinifungia pua miaka yote ile," akasema, "na leo mutoto wake ananiomba ubaba."

Nilitaka kuondoka. Akanishika mkono kwa vidole vyake vyenye magamba. Aliniambia atafanya hivyo mbele ya yule mama tu. Mbele ya Mungu hawezi, kazi ile ina mwenyewe, na mwenyewe yuko hai.

Mjane alipokuja, sikuwa na haja ya kusema kitu. Papa Sambaza alinigombeza mbele yake kwa nini sikuvaa sweta na upepo wa ziwa umeanza. Aliuza, akapima, akarudisha chenji, akamwita mteja mmoja mwizi na mwingine bibi arusi. Mjane alisimama pembeni, kitambaa puani, akitazama noti zinavyoingia na kutoka. Mwishoni akaniambia kwamba mtu anayenuka hivi hawezi kukosa kodi. Wakaandikiana mkataba palepale juu ya beseni lililogeuzwa. Penye mstari wa baba, Papa Sambaza aliweka kidole gumba. Alama yake ina magamba mawili ya samaki, yamekaukia kwenye wino.

Kadi yangu ya uchaguzi, ile yenye jina lako kama baba, nilimwambia mjane imepotea. Imo ndani ya buti yako ya kulia. Buti zote mbili zimo ndani ya gunia la maharagwe, na Mama akipika anachota pembeni pembeni.

Watoto wanalala kwenye godoro sasa. Wanaoga. Hilo ni kweli, na ninajisemea kila siku ili nisilie kazini. Lakini Jumamosi Papa Sambaza hupita na kisahani cha sambaza, kwa sababu ni lazima aonekane. Mjane humwuliza kwa nini halali hapa kwa familia yake, naye hujibu kwamba analinda nyavu, ziwa halimwamini mtu anayelala mbali. Yeye na mjane hucheka. Mama huwapa kiti, halafu hukumbuka ghafla kwamba ana nguo za kufua. Mdogo wangu wa kike tulimfundisha amwite Papa akiwa uani, na sasa anamwita hivyo hata ndani ya nyumba. Juzi, nikimsuka nywele, aliniuliza, "Papa wa kwanza atarudi lini?"

Niliendelea kusuka. Ulinipa jibu moja tu maishani, lile la kizuizini, nami nimelitoa kwa vyumba viwili.

Majaribio yangu yamekwisha. Nina karatasi yenye kashe, nyekundu na safi. Nimeibeba mara nyingi mpaka mlangoni kwa mjane ili nimwambie ukweli, na kila mara nimesikia wajukuu wake wakicheza ndani, nikarudi. Nikimwambia, ni lazima achague kati yao na sisi, na najua atachagua nini. Ukinikasirikia nitaelewa. Kinachonitisha zaidi ni kwamba hutanikasirikia. Utacheka kama siku ile ya beseni, halafu utakubali kwa ajili ya watoto.

Basi sikiliza namna ya kutufikia. Usipige simu, namba yangu ya zamani niliitupa. Usipite Katindo, hata kwa kutazama tu. Panda boti ya mchana pamoja na wafanyabiashara, ubebe kitu, hata kiroba cha vitunguu, usitembee kama askari. Shuka, uende Kituku, uulize Papa Sambaza. Kila mtu atakuonyesha kwa kidole, na wengine kwa pua. Yeye atakuleta.

Mjane atawafungulia yeye mwenyewe, geti hamwachii mtu. Papa Sambaza atasema amemleta kaka yake kutoka safari. Nitatoka jikoni, nitakupokea mzigo kwa mikono miwili, nitakuita Papa Mukubwa. Mdogo wangu tutakuwa tumemtuma dukani. Mama atabaki ndani mpaka mlango ufungwe, usimtafute kwa macho.

Mjane, ili kukupima, atakuuliza mimi ni mtoto wa nani. Mwonyeshe Papa Sambaza. Na ukimwonyesha, Papa, usiangalie chini.

Mutoto wako wa kwanza