Lambo Halingoji Krismasi

Jumatatu, 2 Septemba
Ndoo, mabeseni, madumu. Mzigo wa mteja wa Tunduma umeondoka asubuhi. Mchana mama kapiga simu kutoka nyumbani, huko tambarare ya Same. Lambo la kijiji limekauka. Zamani maji ya masika yalitufikisha mpaka vuli. Sasa limejaa tope, maji yanakaa juu juu kama chai kwenye kisosi, na kiangazi kikianza tu yamekwisha. Mama na wenzake wanafukua mchanga wa korongo kutafuta maji ya chini. Mimi nauza madumu Kariakoo, nyumbani hawana cha kutia ndani yake. Nimeona aibu.

Alhamisi, 12 Septemba
Shimo la korongoni limembomokea mama. Mkono umevimba, haukuvunjika. Mbuzi wawili wamekufa kwa kiu. Mdogo wangu wa Moshi anataka mbuzi waliobaki wauzwe, mama aje kukaa na mimi Ilala. Vyumba viwili, ghorofa ya tatu, hana hata pa kuotesha mchicha. Mama kasema akihama pale atakuwa anasubiri kufa tu. Namwamini. Lambo litachimbwa kabla ya vuli. Basi.

Jumapili, 15 Septemba
Kikao cha watu wa nyumbani tulioko Dar, baada ya ibada. Wenye maduka karibu wote walikuwepo. Nikasimama, nikaomba msaragambo: twende wote, mapema Oktoba, tukazoe tope kwa mikono yetu kama wazee walivyofanya. Mwenyekiti wetu, Mzee Eliamini wa vipuri vya pikipiki, akacheka kwa upole. "Mdogo wangu, Oktoba wateja wa mikoani wanafunga mzigo wa sikukuu. Tutafanya Desemba, wote tukiwa nyumbani."

Makofi. Kila mwaka makofi hayo hayo. Desemba tunafika na magari, vuli imeshamwaga maji lamboni. Tunasimama ukingoni na viatu vizuri, tunasema halichimbiki, lina maji. Tunaahidi mwakani. Halafu tunachoma mbuzi.

Jumatano, 18 Septemba
Nimezunguka duka kwa duka. Soda nimepewa, jibu sijapewa. Nina hasira mpaka nimemfungia mteja mabeseni badala ya ndoo.

Ijumaa, 20 Septemba
Nimepata dawa yao. Nimemweleza mama, mama kawaita wenzake, wamekubaliana. Asiyekuja kuzoa tope, Krismasi hachinjiwi mbuzi na mama yake. Kila mama atampigia mwanawe mwenyewe.

Jumamosi, 21 Septemba
Mzee Eliamini alinikuta bado nafungua makufuli. Mama yake mzazi, bibi kizee kabisa, kamwambia Krismasi atamkuta kampikia makande.
"Umetufanyia nini sisi?"
"Shikamoo, mzee. Tunaondoka Jumapili ya kwanza ya Oktoba."
Akatazama rundo la makarai yangu. "Marahaba. Mabeleshi nani analeta?"
Nilicheka alipokwisha kupinda kona.

Ijumaa, 4 Oktoba
Jirani yangu Nassoro, muuza maturubai, ataniangalizia duka. Duka lake lilianzishwa na babu yake aliyetoka Arabuni, na Nassoro mwenyewe hajawahi kufika Same. "Nenda, Mama Neema. Kutoa maji ni sadaka kubwa." Katoa na maturubai mawili ya kuburuzia tope. Mawingu tangu asubuhi. Siyapendi.

Jumanne, 8 Oktoba
Nyumbani. Viganja vimechubuka, kalamu inauma. Tope ni gumu juu, chini linanata. Tunalijaza kwenye turubai, watu wanaburuza mpaka nje. Mzee Eliamini kavua shati, tumbo mbele, hapumziki. Mama analeta uji kwa mkono mmoja. Wingu limekalia milima. Mvua ikishuka sasa, tope lote lililolegea linarudi shimoni. Hakuna anayelisema. Tunachimba.

Alhamisi, 10 Oktoba
Tumefika kwenye mfinyanzi, ule unaozuia maji yasizame. Hapo tukaacha, tusiupasue. Tumemaliza. Wingu limeondoka bila kudondosha kitu. Tulikuwa tunaliogopa, sasa tunalitaka.

Jumatatu, 28 Oktoba
Mvua Dar. Mto Msimbazi umefurika, mtaro umetapika mpaka dukani. Nimezoa maji kwa ndoo zangu mwenyewe, nayamwaga barabarani. Nyumbani hata tone. Imeniuma sana. Mdogo wangu kanitumia ujumbe kuuliza kama nimeshamwandalia mama chumba.

Jumamosi, 9 Novemba
Mama kapiga, hakusalimia. Kaielekeza simu korongoni nisikie. Mngurumo. Maji yameshuka kutoka milimani, yanaingia lamboni. Nimelia mbele ya wateja. Nassoro kaleta kahawa.

Alhamisi, 26 Desemba
Nyumbani tena. Mbuzi kachinjwa. Mzee Eliamini kapewa paja na mama yake, kalila ukingoni na viatu vizuri. Mwaka huu hakuna aliyeitisha kikao cha kuahidi mwakani.

Jumapili, 31 Agosti
Kiangazi kikali. Vumbi mpaka kwenye mabeseni. Nimetoka kanisani, nikapitia dukani kupanga mzigo.

Mama kapiga. Upepo umeng'oa bati la kanisa. Mbuzi mweupe kazaa mapacha. Jirani anaoza binti, nisikose. Niache kula chipsi kila siku. Kacheka sana kwa jambo la Mzee Eliamini ambalo hata sikulielewa. Tumeongea mpaka salio lake likaisha.

Nimekaa na simu mkononi. Mwaka jana siku kama hizi alikuwa anafukua korongo; sasa Agosti nzima inaisha, na hakutaja maji.

Nimefunga duka, nimeenda nyumbani kupika.