Null Katika Orodha ya Mama

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimemaliza kuingiza kwenye kompyuta madaftari ya zamani ya kujifungua ya zahanati. Macho yananiuma! Sasa Onsongo, meneja wetu, anataka kila mama awe kitu kimoja: jina lake, na ndani yake orodha ya watoto, aliyetangulia kuzaliwa aanze. Haya. Amri ya json_build_object itamfunga mama, ya json_agg itakusanya watoto. Mwisho ni Ijumaa.

Jumanne, 4 Machi
Amri imekubali! Kwa utundu tu nikamtafuta mama yangu, Bathsheba.
"watoto": ["Kemuma", null]
Kemuma ni mimi. Null ni nafasi isiyo na kitu; basi huyu ni nani? Nimezaliwa peke yangu, ndivyo nilivyoambiwa maisha yote. Nimerudia amri mara tano — null haibanduki. Nikazima kompyuta.

Jumatano, 5 Machi
Nimefungua daftari lenyewe, limeliwa na mende. Ni kweli. Saa kumi alfajiri, msichana: Kemuma. Dakika ishirini baadaye, msichana mwingine. Mahali pa jina, hakuna kitu. Nina pacha! Nimemlilia mtu nisiyemjua.
Jioni nikamuuliza Mama, akichambua mboga za managu. Akaita "Kemuma", polepole, huku akitazama mlangoni. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa pili.

Alhamisi, 6 Machi
Onsongo amesema null zote zitolewe, mfumo utakaopokea orodha hauzikubali. Ni kuongeza filter moja tu, yaani kichujio, kwenye json_agg. Nimeshindwa. Nikimtoa, itakuwa hajawahi kuzaliwa.
Mama hali chakula.

Ijumaa, 7 Machi
Saa tano asubuhi Mama ameingia ofisini na nguo ya kanisani. Hajawahi kukanyaga hapa. Nikamwonyesha skrini, nikamwomba anitajie jina la pacha wangu nimwandike kabla hajafutwa. Akaweka kidole juu ya "Kemuma".
"Huyu aliishi siku tatu," akasema. "Baba yako alitaka jina libaki nyumbani. Tukakupa wewe."
Kidole kikasogea hadi kwenye null.
"Wewe ni huyu hapa, mwanangu."
Naandika haya Mama akiwa bado amesimama nyuma yangu. Filter niliyoshindwa kuiweka jana iko tayari tangu asubuhi, imebaki kubonyeza. Onsongo amechungulia, anauliza kama null zimeisha.
Nimemwambia bado moja.