Karani wa Dirisha la Tatu

Jumapili, 1 Juni

Mume wangu kaenda kuangalia mpira kwa rafiki zake. Mlango ulipofungwa tu, mimi huyo — flashi kwenye runinga, pazia chini, miguu juu ya kochi. "Dirisha la Tatu". Kipindi ambacho nadhani hata waliokitengeneza wamekisahau. Kilikuwa kinarushwa kabla ya taarifa ya habari, saa ambayo watu wanaoga, wanapika, wanagombana. Kikafutwa bila hata kuagwa. Kuta zake za maboksi. Muziki wake kinanda kimoja, na anayekipiga ana haraka zake.

Na mimi nakipenda. Basi! Nimeandika.

Hakuna kinachotokea, hilo ndilo lililokiponza. Karani kakaa nyuma ya dirisha stesheni, ofisi ya vitu vilivyookotwa. Mtu anakuja, kapoteza kitu. Karani anavua kofia, na haivai tena mpaka mtu amalize. Anasema, "Keti. Eleza ilivyokuwa." Mtu anaeleza. Mara chache kitu kinapatikana, mara nyingi hakipatikani. Kwisha. Lakini Karani hamcheki mtu. Mmoja alikuja kutafuta kifungo cha koti — kifungo! — na Karani akainuka akapekua droo zote. Nilipokuwa msichana nilikuwa nakirekodi kwenye kanda huku dada zangu wananizomea. Fundi wa redio ndiye aliyenihamishia kwenye flashi, na hata yeye aliniuliza kama nina uhakika.

Leo nimerudia ile ya mwavuli. Karani mwenyewe kapoteza mwavuli wa marehemu mkewe, na hana dirisha la kwenda kueleza. Basi anajielezea mwenyewe, mara kakaa ndani, mara kasimama nje. Nimelia tena. Geti likalia — nikazima, flashi mkobani, nikakamata pasi. Mume wangu kauliza mbona macho mekundu. Nimesema vitunguu. Na pasi mkononi!

Jumatatu, 2 Juni

Natamani ardhi ingepasuka pale pale.

Dukani kwetu kuna runinga ukutani, inaonyesha tangazo la miwani kutwa nzima. Daktari wa macho anaamini linavuta wateja. Flashi ya tangazo natembea nayo mkobani, na yangu ni pacha yake. Asubuhi nimechomeka bila kuangalia, nikaenda zangu kufungua kabati la fremu. Nyuma yangu nikasikia kile kinanda.

Mwavuli! Benchi limejaa wagonjwa. Karani akiegemea ukuta, stesheni nzima inatikisika. Sharubu lake moja limeanza kubanduka. Mtu akacheka. Kisha benchi zima. Fundi wetu wa lenzi katoka kule nyuma na aproni yake, kauliza hii takataka ya nani.

Ningeweza kusema ni yangu na naipenda. Maneno machache tu. Badala yake nikasema — ni yangu, nimeiweka ya kuvunjia mbavu! Na ili waniamini nikaanza kumwigiza. Mwanamke mzima. Nikasimama chini ya runinga, nikavuta pumzi pale anapovuta, nikatetemesha kidevu, nikatoa maneno pamoja naye, neno kwa neno. "Ulikuwa mweusi. Mpini wa mti. Ulikuwa na tundu dogo, akakataa lisishonwe, akasema anaona mbingu." Watu hoi! Mama mmoja alishindwa kusoma herufi za daktari kwa kicheko. Mwishoni nikaongeza langu, kwa sauti yangu mwenyewe — "Jamani, mwavuli tu!" — nikaangua kicheko.

Niliigiza vizuri kwa sababu nayajua yote kwa moyo. Hiyo ndiyo inayoniuma. Na Fundi alikuwa anarekodi kwa simu.

Jumanne, 3 Juni

Fundi karusha video. Mimi sionekani, inaonekana runinga tu. Mimi ni sauti.

Nimemwomba aitoe. Kasema dada, mbona unakuwa mkali, si umetuchekesha mwenyewe? Kaitoa mbele ya macho yangu ili niridhike. Lakini imeshaota miguu. Muuza vocha wa pale nje kanionyesha yake, katumiwa na shemeji yake wa mbali huko.

Alhamisi, 5 Juni

Mezani. Mume wangu kanisogezea simu — hebu ona hii, mke wangu, utakufa.

Wamempa jina, Mzee Mwavuli. Wengine wameongeza ngoma. Wengine wamemwekea mvua kichwani. Mume wangu anacheka mpaka kijiko kinamponyoka. Anasema huyu mwanamke anayeigiza ana kipaji, angefaa redioni. Hajaijua sauti yangu! Sauti inayomwamsha kila siku, inayomuuliza funguo ziko wapi.

Nikacheka naye. Jumatatu nilikuwa na kisingizio, nilizungukwa na watu. Leo nilikuwa na nani? Mume wangu na sahani ya wali. Ningesema tu, ni mimi huyo, na hicho kipindi ndicho kinachoniliza kila ukienda mpirani. Nikaona atakavyonitazama. Nikaosha vyombo.

Jumamosi, 7 Juni

Nijikaze niandike.

Mchana kaingia mzee mmoja na fimbo, koti limepigwa pasi hasa, hana sharubu. Sikumjua. Mpaka alipofika mezani kwangu, na kabla hajasema neno akavua kofia kwa mikono miwili.

Karani.

Mdogo kuliko kwenye runinga. Shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Badala ya shikamoo nikainamia daftari la wateja.

Akamwambia daktari anataka miwani ya kuonea vitu vya karibu. Miaka yote hakuhangaika, gazeti anasomewa. Lakini wajukuu wanasema kawa maarufu kwenye simu. "Wananishikisha simu, mimi naona ukungu mtupu. Nasikia tu. Nasikia watu wanacheka."

Daktari hajui habari za video, kamuuliza ni kipindi gani. Mzee kaeleza kidogo, kwa aibu — aibu yake yeye! — kwamba zamani aliigiza kipindi ambacho hakikupendwa. Kisha akasema hivi, naandika nisije nikajidanganya baadaye:

"Kuna mwanamke humo ananiigiza. Anajua mpaka pale ninapovuta pumzi. Hilo mtu halijui kwa kutazama mara moja. Nikamwambia mjukuu wangu, huyu alikuwa mtazamaji wetu. Mimi nilidhani hatukuwa naye hata mmoja." Akaigeuza kofia. "Ila mwishoni anacheka. Nataka nione anacheka nini. Labda kuna mahali nilikosea."

Fundi alikuwa kasimama kwenye mlango wa chumba cha mashine. Akamtazama mzee, akanitazama mimi, akarudi ndani.

Kuchagua fremu ni kazi yangu, na kazi yangu ni kuongea. Nifanyeje? Nikashika koo, nikakohoa. Mzee kauliza, sauti imekauka? Nikaitikia kwa kichwa. "Pole sana, mwanangu. Usiilazimishe." Pole! Kanipa pole mimi, mzima wa afya, na mwongo. Nikampima kwa ishara kama bubu. Nikamshikia kioo. Ile fremu nyeusi ya duara akasema inamfanya aonekane karani, akatabasamu peke yake, maana hakujua kuna mwingine anayejua. Nikang'ata mdomo. Nikamwandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa: JUMATANO.

Jumapili, 8 Juni

Mume wangu kaenda mpirani. Sikuwasha kitu. Nimepiga pasi kweli.

Jumanne, 10 Juni

Lenzi zake zimefika. Daktari kasema zisagwe kwanza asubuhi, maana mzee kaahidiwa Jumatano.

Nilichofanya: nimechukua bahasha ya kazi yake nikaisokomeza chini kabisa, chini ya kazi za wiki ijayo. Nikajiambia ni siku chache tu, watu watapata mwingine wa kumcheka, video itazama, mzee atavaa miwani yake na hakutakuwa na cha kuona. Nikajiona nina huruma! Huruma gani? Nimemnyima mtu macho ili nisionekane mimi. Ningejipiga kofi.

Jioni Fundi kaikuta. Nikajiandaa kwa utani wake, maana huyo hata msibani hutania. Hakutania. Kasema kwa upole, dada, hili tumelifanya wawili, tusimwongezee mzee wa watu. Akawasha mashine, akasaga zile lenzi mwenyewe huku mimi nafagia. Akaniuliza kama kweli ile flashi naiweka ya kuvunjia mbavu. Nikasema hapana. Mara ya kwanza nalitamka mbele ya mtu. Akasema, basi. Akaendelea kusaga.

Kuonewa huruma na Fundi! Sijawahi kuona haya kama leo.

Jumatano, 11 Juni

Naandikia stoo, nimekaa juu ya boksi la vikasha vya miwani. Mzee yuko pale mbele. Daktari kaenda kula.

Kaja mapema. Mimi na skafu yangu shingoni, mwongo kamili. Kavua kofia, kaniuliza koo linaendeleaje, nikapinda mkono, hivi hivi tu. Akatia mkono mfukoni akatoa kichupa cha asali. Kafunga mfuniko kwa mfuko wa nailoni kisivuje. "Kijiko kimoja asubuhi, mwanangu. Sauti ya mtu ni kitu cha kutunza."

Nikainamia droo, nikajifanya natafuta bisibisi.

Nikamvisha miwani. Sikio la kushoto lilimbana, nikalegeza. Akasoma kadi ya majaribio mpaka mstari wa chini, herufi za punje za mchele, akafurahi kama mtoto. Akavaa kofia ajitazame kwenye kioo vyote pamoja. Nikadhani anaondoka. Nikamwomba Mungu aondoke. Akatoa simu. Mjukuu wake alikuwa kamwekea video tayari, aguse tu pale katikati.

Akagusa.

Nilisimama nyuma ya kiti chake, niliona yote juu ya bega lake. Ukuta ukatikisika. Sharubu likabanduka — na mzee akacheka! "Gundi ile! Niliwaambia gundi ile haifai!" Nikapumua. Ikafika pale pa kidevu. Akaacha kucheka. Akashika ukingo wa meza yangu. Mwavuli mweusi, mpini wa mti, tundu la kuonea mbingu. Simu ikamaliza, ikaanza tena yenyewe, naye akaiacha. Akasema polepole, hakuwa ananiambia mimi:

"Si mbaya sana. Nilidhani ni mbaya zaidi."

Na mdomo wangu huu, uliofungwa tangu Jumamosi —

"Si mbaya hata kidogo, baba. Ni nzuri. Ni nzuri kuliko zote."

Kwa sauti nzima. Haikukwaruza hata kidogo.

Hakugeuka. Simu ilikuwa inaendelea, ikafika mwisho: "Jamani, mwavuli tu!" na kile kicheko. Mimi kwenye simu na mimi hapa, chumba kimoja, na yeye katikati. Mume wangu hakuijua sauti ile. Huyu aliijua kwa neno moja, nilimwona mabega yakitulia.

Akailaza simu kifudifudi. Ndipo akageuka. Akanitazama kwa zile lenzi nilizozifuta mimi mwenyewe, akaona vyote, skafu, uso, kichupa cha asali mkononi. Nikasubiri anitukane. Nilitaka anitukane! Anirushie miwani, anishtaki kwa daktari, nilie, yaishe.

Akakivuta kiti cha pili cha wateja, akakielekeza kwangu. Akavua kofia kwa mikono miwili, akaiweka magotini.

"Keti," akasema. "Eleza ilivyokuwa."

Sijui aliyesema ni mzee au ni Karani. Nimekimbia. Nimesema nakuja, nafuata kitambaa cha kufutia. Kitambaa kiko mfukoni mwangu, nakigusa hapa.

Nimejaribu maneno ya kuanzia. Nilikuwa natania — hapana. Fundi ndiye aliyerekodi — aibu nyingine hiyo. Nilipokuwa msichana nilikuwa na kanda — hapo nalia, siendelei. Fundi kazima mashine kule kwake, duka zima kimya, najua kasikia kila kitu. Angalau mteja mwingine angeingia!

Nimechungulia kwenye upenyo wa mlango. Kiti kipo pale pale alipokivuta. Mzee kakaa wima, anatazama huku, miwani imemkaa vizuri.

Hajavaa kofia.